Nililala Chini, Wenzangu Wakakimbia

Sapiwi, Jumapili alasiri. Jua limeanza kupoa. Upepo wa kiangazi unasomba vumbi na nyuzi za pamba hadi mlangoni kwetu. Nimekaa nje kwenye kigoda, mgongo nimeuegemeza ukutani, macho njiani. Sijui nalinda nini.

Shajara yangu, leo nimehukumiwa. Si na jeshi, maana jeshini sijawahi kuadhibiwa hata kwa kuchelewa paredi. Nimehukumiwa na kijiji nilichozaliwa, kwa kosa la kulala chini.

Wanaonisoma hapa bloguni wanajua mimi ni askari, na kwamba kwa muda mrefu nimekuwa kwenye kambi ya kulinda amani katika nchi ambayo amani yenyewe ya kulinda haionekani. Jina la nchi siandiki, wala la kambi. Sasa nipo likizo kwa Baba, pamoja na mke wangu Minza na binti yetu Kabula, ambaye nilimwacha hajaota jino na nimemkuta anafukuza kuku.

Minza anasema nimerudi na kambi mgongoni. Anasema kwa utani, lakini nimemwona akinitazama asipokuwa anatania. Naamka jogoo hajawika. Blanketi nalikunja pembe kwa pembe kana kwamba sajenti atapita kukagua. Viatu navikung'uta kabla ya kuvaa, hata ndala. Chakula nakimaliza wenzangu hawajanawa vizuri. Wiki ya kwanza ya likizo mama mkwe alikohoa nje ya nyumba nikamuuliza kwa sauti ya lindo, "Nani hapo?" Mama wa watu akajibu jina lake kamili na la kijiji chake. Minza alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila jioni ananiuliza, "Afande, leo zamu ya lindo ni ya nani?"

Mimi pia nilicheka. Nilidhani yataisha yenyewe, kama mafua.

Watu hapa wakiniuliza habari za vita wanataka kusikia bunduki. Bunduki nilikuwa nayo, naisafisha kila asubuhi baada ya kuhesabiwa na kunywa chai ya rangi. Lakini kama ningeulizwa kwa kiapo vita yangu ilikuwa ya nini, ningejibu ilikuwa ya koleo. Tulijaza mchanga kwenye mifuko, tukaipanga kuzunguka mahema na handaki. Mvua za kule hazina huruma, mifuko ikaoza, ikapasuka, tukajaza mingine. Nimetoka kwenye ukoo wa wakulima nikaenda ng'ambo kulima mchanga usioota kitu.

Mchana maharage na wali, au wali na maharage, kutegemea mpishi kaamka vipi. Alasiri doria kwenye barabara ya tope, au kusindikiza gari la maji. Nje ya uzio waliishi watu waliokimbia vijiji vyao, kwenye vibanda vya turubai. Asubuhi walituamkia na sisi tukawaamkia. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza ndizi za kuchoma, akiniita "mwanangu" kwa Kiswahili chao chenye lafudhi tamu, nami kila nikimwona nilitamani kumuuliza wanawe wako wapi. Sikuuliza. Kule mtu hujifunza haraka maswali ya kuacha.

Jioni tulisongamana karibu na tangi la maji, mahali pekee penye mtandao. Ndipo nilipoanza kuandika blogu hii, nimesimama juu ya kreti tupu la soda. Nikimpigia Minza nilipata nusu ya sentensi na mlio wa ng'ombe. Usiku tulilala na viatu mguuni.

Kwenye kombania tulikuwa wawili tu kutoka Simiyu, mimi na Idd. Idd ni wa Malampaka, baba yake ana duka karibu na stesheni. Ni Mwislamu aliyefunga hata wakati tunachimba handaki, na ndiye pekee aliyenisaidia kula michembe niliyotumiwa na Minza, maana wenzetu wa pwani walivitazama vile viazi vikavu wakaniuliza kama ni vya kuwashia moto. Tukiwa wawili tulisalimiana Kisukuma, yeye kwa kunitania, "Mwangaluka, ng'wana Sapiwi," salamu ya asubuhi, hata kama ni saa kumi jioni.

Sasa niseme habari ya filimbi, kwa sababu kesi yangu yote imesimama hapo.

King'ora cha kambi kilitegemea jenereta, na jenereta lilikuwa na siku zake za kununa. Kwa hiyo askari wa lindo alipewa filimbi. Ikilia kwa pumzi moja ndefu, maana yake makombora ya mizinga yanakuja. Unalala palepale ulipo, uso ardhini, halafu unatambaa hadi handakini. Hakuna kuuliza wala kuinua kichwa kutazama. Tulifanyishwa zoezi hilo mpaka mwili ukawa unalala kabla kichwa hakijapata habari.

Kwetu Simiyu filimbi ni kinyume chake kabisa. Filimbi ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ikilia, au mtu akipiga mwano, lile yowe la kuomba msaada, kila mwenye miguu anatoka. Unasimama, unasikiliza limetokea wapi, kisha unakimbilia hukohuko. Mwenye panga analibeba, asiye nalo anabeba fimbo, na asiye na fimbo anabeba mdomo wake. Waswahili wanasema la mgambo likilia lina jambo. Kwetu tunaongeza kwamba jambo hilo ni la kwako pia.

Mchana mmoja kambini tulikuwa tunafua, mimi na Idd. Filimbi ikalia. Mimi nililala kwenye povu la sabuni. Idd alibaki amesimama, shingo ameinyoosha, anasikiliza.

Idd amepoteza mguu. Yuko kwao Malampaka sasa, na anaendelea vizuri kwa kadiri mtu anavyoweza kuendelea vizuri. Kabla hajasafirishwa niliingia kumwona hospitalini, akaniambia kwa sauti ya kuona aibu, "Nilisahau niko wapi. Nilikuwa nasikiliza wanaita kutoka upande gani."

Nilitoka nikakaa nje na sikuweza kulia. Nilijiambia jambo moja tu, kwamba mimi sitasahau niko wapi.

Basi Alhamisi iliyopita ilikuwa siku nzuri. Tulikuwa tumechuma pamba tangu asubuhi, mimi, Minza na Baba. Mchana tukarudi. Minza akatenga ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa na karanga, chakula nilichokiota kambini kuliko nilivyowaota watu, Mungu anisamehe. Baba alikuwa nje ananawa. Kabula alikuwa mapajani kwangu.

Filimbi ikalia.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka ugali sakafuni, na mkono wangu kwenye kisogo cha Minza nikimkandamiza chini nyuma ya magunia ya pamba, na Kabula kifuani kwangu analia. Niliwalalia wote wawili. Minza alikuwa anasema, "Ni mwano, Baba Kabula, ni mwano tu," na mimi nikawa namwambia anyamaze, anyamaze, asiinue kichwa. Nje niliwasikia watu wakipita mbio, wanaume, wanawake, mbwa. Yowe lilikuwa la mke wa Nkwabi, jirani yetu wa mpaka mmoja wa shamba. Sauti yake naijua tangu alipoolewa.

Kisha nikasikia fimbo ya Baba. Goti lake la kulia ni bovu, nayo fimbo hugonga ardhi kabla ya mguu. Alipita mlangoni akiniita jina langu. Akaita tena akiwa mbele kidogo. Akaendelea peke yake.

Nilimsikia, shajara yangu. Nilimsikia vizuri kabisa na sikuweza kuinuka.

Wezi walikuwa wamewaswaga ng'ombe wa Nkwabi kutoka malishoni. Watu wakawafuata, wakawakuta kwenye korongo. Wezi wakatawanyika porini na ng'ombe wakarudi wote, ila mmoja wa wezi alimkata Nkwabi panga kwenye mkono. Watu wakamfunga jeraha kwa khanga wakampeleka zahanati. Hayo yote niliyasikia baadaye, nikiwa nimekaa kitandani, Minza akinifuta vumbi usoni.

Palepale korongoni watu waliulizana mwanajeshi yuko wapi. Baba alijibu, "Ana malaria. Imemshika tukitoka shambani." Baba, mtu ambaye alinichapa utotoni kwa kusema nimenywesha ng'ombe kumbe sijanywesha. Aliporudi nyumbani alipita mbele yangu kama anapita mbele ya kisiki, akaenda kufunga ndama.

Kwetu asiyeitikia mwano hujieleza mbele ya watu. Akikosa sababu anatozwa, na akikataa kutubu anatengwa. Kutengwa si mchezo. Husalimiwi. Huombi hata kijinga cha moto kwa jirani. Ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Na mimi naondoka, wanaobaki kutengwa ni Minza na Baba na mtoto. Taarifa ikaletwa kwamba Jumapili baada ya ibada nifike kwenye uwanja wa ghala la pamba.

Minza aliniambia niseme malaria. "Baba ameshasema. Ukikana, unamvua nguo mzee mbele ya kijiji." Alisema kweli. Na nikiri kwamba malaria yenyewe niliipenda. Ni ugonjwa wa heshima, unampata hata jenerali. Nilianza kutembea polepole na kujifunika shuka mchana.

Ijumaa jioni Nkwabi akabisha hodi. Mkono umefungwa bandeji, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mkono mzima umebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Amekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Homa za huko porini zina ukali wake. Kunywa haya, yatakupa nguvu."

Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Nikanywa huku ananitazama kwa huruma, mtu aliyekatwa panga korongoni wakati mimi nimelala chini mzima wa afya. Baba alikuwa kwenye kona ya chumba. Alitazama chini muda wote.

Kwa hiyo leo nilipotoka kanisani nilikuwa nimeshajua nitasema nini, na nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote kambini. Kule ukiogopa unaogopa na wenzako.

Uwanja wa ghala ulikuwa umejaa. Kiongozi wa sungusungu, ambaye sote tunamwita ntemi, siku za kawaida ni fundi baiskeli na ana vidole vyeusi vya grisi hata Jumapili. Ni mtu wa haki, hana haraka. Alinisalimia vizuri, akamsalimia Baba, akaniuliza hali ya malaria.

"Sikuwa na malaria, ntemi," nikasema.

Watu wakaguna. Sikumtazama Baba. Nilisikia tu fimbo yake ikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, nikirudi mwanzo, kama ninavyoeleza hapa. Niliwaambia habari za mifuko ya mchanga, jenereta, na filimbi ya lindo. Kijana mmoja nyuma akacheka na kusema kwa sauti ya kusikika, "Yaani serikali imemfundisha kulala." Wengine wakacheka naye. Ningekuwa mimi ni yeye, ningecheka pia.

Nikawaambia habari za Idd. Hapo hawakucheka.

Ntemi alikwangua grisi kwenye ukucha. Kisha akauliza swali ambalo hakuna afisa aliyewahi kuniuliza. "Sasa huko, mkishalala wote chini, anayeomba msaada anakimbiliwa na nani?"

"Hakuna, ntemi," nikamjibu. "Tunasubiri mizinga inyamaze. Ndipo tunatoka kutazama nani amebaki."

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa kwenye gunia tupu, akashika shavu akasema taratibu, "Yaani mayu, mama wee, watoto wetu."

Hukumu ikatoka. Sheria ni sheria, alisema ntemi, na haiwezi kubadilishwa kwa sababu anayehusika amevaa kombati. Nitatoa mbuzi, atachinjwa hapohapo uwanjani, na Nkwabi ndiye atakayekata kipande cha kwanza. Nikakubali. Nkwabi alinipungia mkono wake mzima kuonyesha yameisha. Nikafikiri tumemaliza.

"Bado neno moja," akasema ntemi. "Useme mbele ya watu kwamba filimbi ikilia tena, utakimbia. Hilo ndilo la muhimu kuliko mbuzi. Asiyeahidi hawezi kuwa mmoja wetu, na wewe unaijua sheria."

Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja tu, nitakimbia. Minza alikuwa upande wa akina mama, amempakata Kabula, anatikisa kichwa kunihimiza. Nilifungua mdomo. Nikauona mkono wangu kwenye kisogo chake, na nikajua kwamba nikiahidi nitakuwa nimesema malaria ya pili.

"Sijui, ntemi," nikasema. "Natamani kukimbia. Lakini sijui kama mwili utakubali."

Ntemi akawatazama wazee wa pembeni yake, nao wakatazama chini. Hakuna aliyetaka kulitamka lile neno la kutenga, lakini lilikuwa limeshafika, limekaa katikati yetu.

Ndipo fimbo ya Baba ikagonga ardhi. Aliinuka kwa shida, akakataa mkono wa aliyetaka kumsaidia.

"Habari ya malaria niliisema mimi," akasema. "Nilidanganya. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na kazi. Sasa sikilizeni. Filimbi ikilia, miguu ya nyumba yangu ni hii hapa. Nitakimbia zamu yangu na zamu ya huyu. Mtaniona. Mpaka mwanangu atakaporudi."

Ntemi akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mzee aliyechanganya siku. "Mzee wangu, lakini kijana si amesharudi? Si huyu hapa?"

Baba akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kunitazama usoni. Alinitazama sana, kama mtu anayemtafuta mtu kwenye gari la abiria lililosimama.

"Bado," akasema.

Akakaa.

Ntemi akasema kikao kimefungwa. Mimi niligeukia ukuta wa ghala nikalia kama mtoto, mbele ya watu wote, na kilio kilichogoma hospitalini kwa Idd kikatoka chote pale. Minza alikuja akasimama tu pembeni yangu. Hakunifunika.

Tumerudi nyumbani kwa mwendo wa Baba. Njiani watu walitusalimia, nasi tukaitikia. Tulipofika uani, Baba aliniambia niende kukaza kamba ya ndama, imelegea. Nikaenda nikaikaza.

Sasa hivi ninavyoandika, yuko pale kwenye zizi, anajisugua goti kwa mafuta. Anadhani simwoni. Nimeamua kesho nitakwenda kwa Nkwabi kumkamulia ng'ombe wake, maana kwa mkono mmoja hawezi. Nitakaa naye, na nitamwambia yote polepole kuanzia mwanzo, bila ntemi na bila uwanja. Idd naye nitampigia. Nimemkimbia mno.

Likizo inaelekea ukingoni. Baada ya wiki si nyingi natakiwa niwe nimesharipoti kambini, na hilo halina mjadala, nitaripoti. Ninachojiuliza ni kingine kabisa. Siku hizi chache zilizobaki, zinatosha kwanza kufika nyumbani?